Zamu ya Kuombewa

Kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka soko la mahindi la Kibaigwa, sala za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi. Ipo sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayeivunja: mwenye nyumba hajiombei. Siku ya zamu yako unafagia, unapanga viti, na watu wakishaingia unaketi kimya. Wengine ndio wanaompelekea Mungu habari zako. Kazi yako ni kuitika amina na kumimina chai.

Sheria hiyo naipenda, na sababu ninayo. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa dalali wa mahindi. Mkulima akisimama mbele ya mnunuzi kusifia mzigo wake mwenyewe, nani atamsikiliza? Lakini nikija mimi, nikachoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, punje zikamwagika kiganjani, nikasema, "Mzigo mkavu huu, tajiri, ila huku chini umebunguliwa kidogo," mnunuzi anasogea. Basi hata mbele za Mungu sijawahi kuwa na imani kubwa na mtu anayejisemea. Kibali, kwa akili yangu ya sokoni, kinataka mtu wa katikati. Mchungaji amenieleza mara nyingi kwamba wa katikati yupo, tena kazi alishaimaliza. Namwitikia, "Ndiyo, mchungaji." Lakini najijua.

Wa katikati wangu mimi alikuwa mke wangu. Kila jioni alipiga magoti upande wake wa kitanda, akawataja watoto, akawataja wagonjwa, na mwisho akasema, "Na huyu naye, Bwana, umwangalie." Huyu ni mimi, nimejifunika shuka gubigubi nikijifanya nimelala. Tangu tumzike, hakuna aliyenitaja tena ndani ya nyumba ile. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam. Wanapiga simu, wanauliza kama nimekula. Nikijaribu kuomba mwenyewe naisikia sauti yangu tu, nanyamaza katikati. Watu wa mwisho kusali sebuleni kwangu walikuwa watu wa matanga.

Nilikuwa mpweke. Sina neno la kuipaka rangi hali hiyo. Kwa hiyo zamu yangu ilipokaribia niliingoja kama mtoto anavyongoja Krismasi. Nilitaka kitu kimoja: mtu mwingine, si mimi, anitaje kwa Mungu ndani ya nyumba yangu.

Jumamosi iliyotangulia tulisali kwa mwenyekiti wa jumuiya, jirani yangu, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Yeye ndiye hugawa maombi. Huyu aombee wagonjwa, yule wanafunzi. Halafu akanigeukia.

"Na wewe babu, tuombee mvua."

Hali ilikuwa mbaya. Mashamba yalishasafishwa, mbegu zinangoja ndani ya nyumba, na kila alasiri tulitazama mawingu yakijikusanya halafu yanapita kwenda kunyesha kwa watu wengine. Nikasimama, nikamweleza Mungu udongo ulivyo, mbuzi walivyo, visima vilivyo, bila kuongeza chumvi. Nilisema vizuri, nikiri tu. Kwa ajili ya wengine maneno huwa hayanipi taabu.

Ijumaa nikaazima mabenchi kanisani, nikayapanga kuzunguka sebule. Nikakanda maandazi. Marehemu alikuwa akiyatoa yamevimba, laini. Yangu yalitoka madogo na magumu kiasi kwamba niliyagonga pembeni mwa beseni yakalia. Nikajipa moyo kwamba watayachovya kwenye chai.

Alfajiri ya Jumamosi niliamshwa na bati. Mtu wa nyanda hizi hahitaji kuambiwa sauti ile ni ya nini. Ilianza kwa matone ya hapa na pale, kisha ikashuka yote, na harufu ya vumbi lililolowa ikaingia mpaka kitandani. Nilicheka peke yangu. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Kisha nikaingia sebuleni, nikayaona mabenchi.

Mvua ya kwanza ya kupandia huku kwetu haingojei ibada. Udongo ukilowa unapanda siku ile ile, maana hujui kama kesho itakuwepo. Shamba langu nimewaachia wenye nguvu tangu magoti yalipogoma, kwa hiyo pengine mimi ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa amevaa shati la kanisani asubuhi ile. Nilisimama mlangoni. Akapita binti wa jirani, jembe begani, kikapu cha mbegu mkononi.

"Shikamoo babu! Umetuombea kweli kweli!"

"Marahaba, mama. Na jumuiya?"

"Jumuiya gani tena, babu? Udongo umelowa!" Akaenda zake akiimba.

Nilikaa mpaka mvua ikawa manyunyu. Chai ilikuwa tayari kwenye chupa mbili kubwa. Nikaiacha moja mezani, nikabeba nyingine na beseni la maandazi mpaka shambani kwa mwenyekiti. Nilijiambia nawapelekea chai watu wenye njaa. Ukweli nilikwenda kuombewa, popote pale, hata kwenye tope.

Alinipokea kwa vigelegele. Akanywa amesimama, mikono imejaa udongo, akang'ata andazi, akanitazama, akalichovya. Kisha akasema, "Babu, kwako tumehesabu. Si umeshatunywesha chai? Jumamosi ijayo tunaendelea nyumba inayofuata." Akawaita wengine, wakainamisha vichwa palepale kwenye matuta. "Asante Bwana kwa mvua. Asante kwa chai hii. Amina."

Wakarudi kwenye majembe. Chai ilitajwa. Mimi sikutajwa.

Sikuwalaumu, na ningewalaumu kwa lipi? Ningeweza kusema, "Mama, na mimi mniombee." Maneno manne tu, na mimi niliyewahi kuuza mahindi mabovu kwa watu wajanja nikashindwa kuyatoa. Nikachukua beseni langu, nikarudi nyumbani nikiteleza.

Nilibadili shati. Sebule ilikuwa kama nilivyoiacha: mabenchi yamezunguka, kiti changu karibu na mlango wa jikoni, mahali pa mwenye nyumba. Sikwenda kwenye kiti. Nikaketi kwenye benchi la upande wa pili, anapopenda kukaa mwenyekiti, nikakitazama kile kiti kitupu. Nikasimama kama mgeni anavyosimama akipewa ombi.

"Bwana," nikasema, "tunakuletea mzee wa nyumba hii. Ana maneno mengi, na asubuhi ana kisirani. Sokoni hakuwa mwongo sana. Mke wake ulimchukua, nasi hatukugombi, lakini nyumba imekuwa kubwa. Anakula kwa kusimama. Redio anaiacha inaongea hata ikizungumza habari za kilimo cha karafuu." Hapo nikakwama kidogo, kwa sababu sikuwahi kumsikiliza mtu huyu na sikujua kuwa hali yake imefika huko. Nilimwonea huruma. "Na huyu naye, Bwana, umwangalie."

Nje walikuwa wakiitana mashambani. Nikainuka, nikavuka chumba, nikaketi kwenye kiti changu, nikaitika amina. Na kwa kuwa kazi ya mwenye nyumba haiishii hapo, nikavuta chupa iliyobaki nikamimina chai.