Sikio Kwenye Gogo la Mlingoti

Cheka ukitaka, lakini hili sikusimuliwa. Limenitokea mimi, mchana, kwenye kiwanja changu cha mbao hapa Makambako, ukungu umeshuka mpaka barabarani.

Kulikuwa na mzee wa Kilwa, fundi wa vyombo, anafufua skuna ya zamani, yaani jahazi la milingoti miwili. Mlingoti wa mbele ulikuwa umevunjika. Ulivunjikaje, hakusema, nami sikuuliza. Akaniagiza mkaratusi mnyoofu, nikaupata nje ya Njombe, mti mzuri ajabu. Shida ni haraka. Tuliuangusha bila kuufunga kamba, ukapiga jiwe, ukaingia ufa. Nikafanya nini? Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Ungepita wewe usingeona kitu. Lori la kuuchukua lilikuwa linakuja siku ile ile.

Basi nipo peke yangu, namwona mtu kasimama kando ya gogo. Kikoi na fulana, miguu peku, kwa baridi ile ya Julai! Nikajua katumwa na mzee kukagua. Nikamsalimia kamwene, salamu ya huku kwetu, akanitazama kama asiyeijua. Nikasema shikamoo, akaitikia polepole. Akaniambia niweke sikio kwenye shina, yeye atakwaruza kwa ukucha kule nchani, maana gogo zima, lisilo na ufa, hupitisha sauti. Kipimo hicho nakijua, nikajua ufa utaniumbua. Nikainama huku natunga uongo wa kumwambia.

Niamini, sikusikia ukucha. Nilisikia maji. Nikasikia wanaume wanavuta kamba za tanga kwa wimbo, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Halafu kitu kikalia kwaa, kama mti unaoanguka, na wimbo ukakatika. Wakabaki wanaitana majina. Kisha sauti ya yule mgeni, ndani ya gogo kabisa, ikasema, “Tulikuwa tisa.”

Niliruka. Kule nchani hapakuwa na mtu. Gundi yangu yote ilikuwa imemwagika chini, ufa uko wazi, na vumbi la mbao pale aliposimama limelowa chapachapa. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Hebu niambie, maji ya bahari Makambako yametoka wapi?

Lori likarudi tupu. Nikampigia mzee, nikamwambia yote, hata habari ya gundi.

“Mwanangu,” akasema, “hata ule uliovunjika ulikuwa umezibwa. Nahodha wa wale tisa alikuwa kaka yangu.”

Nilimkatia mti mwingine, tukaushusha kwa kamba taratibu, siku nzima. Sasa hivi unabeba tanga huko baharini. Lakini sikio langu la kushoto halijapona. Mke wangu akitaka nimsikie hukaa kulia, maana kushoto nasikia maji tu.

Kwa hiyo wewe unayeuza kitu ambacho mtu ataweka uhai wake juu yake, usizibe ufa. Kama umeshaziba, zibua leo, kabla hujaombwa uinamishe sikio.