Baba Alivyogombana na Luku

Mita yetu ya zamani ilikuwa ukutani barazani, nyuma ya kioo chenye ufa, na ndani yake kisahani cha bati kilizunguka taratibu kama mtu asiye na haraka. Msoma mita wa ofisi ya umeme alitakiwa aje kila mwezi kuitazama. Shida ni kwamba tulikuwa na bata bukini dume, na yule bata hakumpenda mtu yeyote mwenye fulana ya kung'aa. Alimng'ata msoma mita mara mbili, ya pili mahali ambapo hawezi kumwonyesha bosi wake. Baada ya hapo yule bwana akawa anaishia getini. Anaangalia paa, anaangalia nguo kwenye kamba, anaandika namba, anakwenda zake.

Hatukulalamika. Ankara ilikuja ndogo, tena karibu ileile kila mwezi, tukailipa na kumrushia bata mahindi ya ziada.

Halafu wakaja kutufungia luku, mita ya kulipia kabla. Mafundi wawili walifanya kazi asubuhi nzima huku baba yangu amemshika bata kwapani, amemfunga mdomo kwa vidole viwili. Walipomaliza wakatuachia kimashine chenye vitufe, cha kuingizia namba. Ukinunua umeme kwa simu unaletewa namba ndefu, unazibonyeza, yuniti zinaingia. Zikiisha, giza. Baba alikipenda sana kile kimashine siku ya kwanza. Alinisomea zile namba kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi, mimi nikabonyeza, taa ya kijani ikawaka, akanipa mkono.

Siku ya nne kikaanza kulia. Siku ya tano tukawa gizani, na yuniti tulizonunua nilidhani zingefika mwisho wa mwezi.

Niseme kidogo kuhusu baba. Alikuwa mtunza stoo kwenye mgodi wa almasi kule Mwadui kwa maisha yake yote ya kazi. Aliishi nyumba ya kampuni, na alipenda kumwambia kila mtu, hata asiyeuliza, kwamba "sisi watu wa mgodini umeme hatulipii." Alipostaafu alihamia kwangu hapa Shinyanga mjini pamoja na mama. Mama alifariki miaka miwili kabla ya habari hizi za mita. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu anachimba dhahabu Mwakitolyo na hurudi mara mojamoja akiwa mwekundu kwa vumbi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, baba na binti zangu wawili, na mwenye sauti alikuwa baba.

"Hii mita inaiba," alisema asubuhi ile ya siku ya sita. "Na nitaithibitisha."

Alinunua kaunta buku, akachora mistari kwa rula kama alivyokuwa akifanya stoo, na kuanzia siku hiyo akawa anasoma mita kila saa. Alfajiri akitoka kuswaki, anaandika. Akitoka chooni, anaandika. Nikimwambia chai iko tayari, ananiinulia kidole nisubiri, dakika haijatimia.

Pamoja na daftari zikaja sheria. Pasi ikapigwa marufuku, nikawa naenda darasani na sketi yenye mikunjo kama ramani. Ilipofika zamu ya runinga, baba aliamua kwamba kinachokula umeme ni picha, si sauti. Akapunguza mwanga wa kioo mpaka mtangazaji wa taarifa ya habari akawa kivuli kinachoongea.

"Babu, hatuoni," binti yangu mdogo alisema.

"Habari husikilizwa," baba akamjibu.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kutomwambia jirani yeyote. Kuishiwa umeme katikati ya wiki, kwa mtu aliyewahi kusimamia stoo ya mgodi, ilikuwa siri ya nyumba. Yuniti zikiisha, tulitakiwa tukae kana kwamba tumependa kukaa gizani.

Yote hayo, na mita ikaendelea kula vilevile.

Jumatatu moja baba akavaa koti lake la kijivu na tai, akachukua kaunta buku, akaniambia nimsindikize ofisi ya umeme kwa kuwa mimi ni mwalimu na nina Kiswahili cha ofisini. Tulipanga foleni mpaka dirisha la malalamiko. Nyuma ya kioo alikuwapo dada mmoja mwenye miwani, mpole kweli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhusu mita yenu."

"Yetu, au ya kwako, baba?"

"Ikiwa inaiba, ni yenu."

Foleni ikacheka. Baba hakucheka. Alifungua daftari akalibandika kwenye kioo, ukurasa baada ya ukurasa, na yule dada akausoma kila mmoja, jambo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Kisha akabofya kompyuta yake.

"Baba, mfumo unaonyesha mita iko sawa."

"Huo mfumo ulikuwepo kwangu Alhamisi saa tisa mchana? Nyumba nzima hapakuwa na mtu zaidi yangu. Taa zimezimwa, pasi nimeificha. Mita inakwenda."

"Labda friji, baba."

"Friji hatuna. Tuna mtungi."

Dada akamwandikia fomu, akasema itafuatiliwa. Jumatatu iliyofuata baba akarudi. Na iliyofuata. Mimi niliacha kwenda baada ya mara mbili kwa sababu ya vipindi, lakini nilipata taarifa. Walinzi wa ofisi wakawa wanamwita Mzee Yuniti, na watu wa foleni wakawa wanampisha mbele ili wamsikie vizuri.

Kila akirudi na koti lake, amelowa jasho, jirani yetu wa kulia alimpokea getini na bilauri ya maji ya barafu. Huyu mama alikuwa mjane, mtu wa kanisani, na aliuza barafu na juisi za ubuyu kwenye kibanda cha bati kilichoegemea ukuta wetu. Baba akinywa yale maji alikuwa anafumba macho.

"Wabeja sana, mama," anamshukuru kwa Kisukuma. Halafu akiingia ndani ananiambia, "Unamwona mwenzako? Ana friza limejaa, na hujamsikia siku moja akilalamika umeme. Anajua kubana matumizi yule."

Mume wangu nilimweleza kwa simu. Akasikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Huku kwetu hiyo inaitwa mtobozano. Unachimba duara lako, mwenzio anachimba shimo lake pembeni, mara unasikia nyundo zinagonga ndani ya mwamba wako. Kuna mtu ametutobolea."

Nilimfikishia baba.

"Mwambie umeme si dhahabu," baba alisema. "Na mwambie arudi nyumbani anyoe ndevu."

Jumatatu ya sita, au ya saba, yule dada wa dirishani alisalimu amri. Akasema fundi atakuja. Na kweli akaja, siku ya Jumatano wakati wa likizo, nami nilikuwa nyumbani. Alikuwa mama wa makamo mwenye ngazi begani na bisibisi nyuma ya sikio. Bata alimtazama, akaona bora asijaribu.

"Baba, zima kila kitu," fundi akasema.

"Kimezimwa tangu mwezi uliopita," baba akajibu.

Fundi akaitazama mita. Kile kitaa chake chekundu kilikuwa kinapepesa, pa, pa, pa, kama jicho lenye mchanga. Baba akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

"Umeona? Hakuna kinachotumika, inakula! Andika hivyo kwenye karatasi yako, mama."

"Subiri, baba." Fundi akashusha meni swichi. Kitaa kikaacha kupepesa. Akaipandisha, kitaa kikaanza tena. Akarudia mara tatu, halafu akaiacha iko chini, akashika kiuno.

"Mita yako nzima kabisa. Umeme unaingia ndani ya nyumba, halafu kuna kitu kinautumia. Nipeni nafasi nipande darini."

Akapanda. Tukawa tunasikia miguu yake juu ya mbao, baba chini anamfuata chumba kwa chumba huku ameinua uso. Kisha sauti kutoka juu, "Huu waya mweupe unaotokea chini ya bati kwenda ukuta wa kulia, ni wa nani?"

"Waya gani?" baba akasema. "Sina waya unaokwenda kulia."

Wakati huohuo geti likagongwa. Akaingia jirani yetu na beseni la vifuko vya barafu vinavyotiririka maji, kanga imelowa mpaka magotini.

"Hodi jamani. Shikamoo baba. Samahani kuwasumbua. Umeme wa mgodi umekatika tena?"

Mimi na baba tukatazamana.

"Umeme wa nini?" nikamuuliza.

"Huu wa baba. Wa mgodini, ule wa bure." Alituangalia mmoja mmoja, akaanza kusitasita. "Siku hizi unakatikakatika, nikaona aibu kuuliza. Nikajua baba anafuatilia, kila Jumatatu namwona anatoka na koti. Nikasema, mzee wa watu anateseka kwa ajili yangu, angalau nimpe maji ya baridi."

Fundi alikuwa amechomoza kichwa kwenye tundu la dari, utando wa buibui kwenye nywele, anasikiliza bila kupepesa.

"Mama," baba alisema polepole, "nani alikupa huo umeme?"

"Si wewe, baba? Kwenye msiba wa mama."

Hapo ndipo niliona uso wa baba unabadilika. Alitafuta kiti akakaa.

Nami nikakumbuka. Siku zile za msiba watu walikuwa wengi kuliko uwanja wetu. Ndugu walitoka Mwadui, wengine Kahama, wengine vijijini kwetu, na wanawake walilala upande wa jirani chini ya turubai. Uani kwake hakukuwa na taa, kwa hiyo baba akamwita fundi wa mtaani avute waya kutoka kwetu, waweke balbu na soketi ya kuchemshia maji. Matanga yakaisha, turubai likarudishwa, na waya ukabaki.

"Nilikuja kukuuliza niutoe," jirani akaendelea. "Ukaniambia, 'Uache tu mama, utumie.' Na siku zote ulikuwa unasema ninyi watu wa mgodini umeme hamlipii. Mimi ndiyo nikanunua friza. Kila siku nakuombea, baba. Hata jana nimekuombea."

Kwa mita ya zamani waya ule ungeweza kuwasha soko zima, na msoma mita pale getini angeandika namba ileile. Barafu ilikuwa inadondoka sakafuni, to, to. Halafu fundi kule juu akashindwa kujizuia. Alianza kucheka, dari ikatikisika, vumbi likatumwagikia, na mimi nikajikuta nacheka mpaka nikashika mlango. Jirani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Baba peke yake ndiye aliyekaa wima, kaunta buku magotini.

"Jumatatu saba," alisema. "Nimemwita yule binti mwizi Jumatatu saba."

Tuliongea vizuri. Jirani alitaka kulipa kila kitu cha nyuma, baba akakataa katakata, akasema alichokitoa msibani hakidai. Alichoomba ni friza lihamie ndani kwake, kwenye mita yake mwenyewe, na fundi akaukata ule waya palepale. Baba aliushika mkononi, akauzungusha vizuri kama kamba ya ng'ombe, akaenda nao chumbani.

Jioni nilimpelekea uji. Akaniambia, bila kuniangalia, "Ng'wanone, mwanangu, ile balbu nilikuwa naiona kutoka dirishani kwangu. Ndiyo maana nilimwambia asiutoe. Ilikuwa inawaka pale walipokuwa wamekaa wale akina mama wanaomwimbia mama yako. Halafu naona nilizoea, nikasahau kwamba inawaka."

Nikakaa pembeni mpaka alipomaliza uji.

Jumatatu iliyofuata alivaa koti na tai. Nilikwenda naye, kwa sababu kuomba radhi dirishani si kazi ya mtu mmoja. Foleni ilipomwona ikampisha kama kawaida, watu wakasogea wapate burudani. Baba akasimama mbele ya kioo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, mita haiibi. Ni mimi nilikuwa natoa." Akasimulia yote, kwa sauti, waya, msiba, friza, hata maji ya barafu hakuyaficha. "Nimekutukana mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu."

Mzee mmoja kwenye foleni akapiga makofi. Dada wa dirishani alivua miwani akaifuta, akasema, "Yameisha, baba. Hakuna ubaya." Kisha akaangalia kushoto na kulia kama wenzake hawasikii, akasogeza mdomo kwenye kile kitundu cha kioo.

"Lakini baba, naomba nikuulize kitu. Hata kwangu nyumbani luku inakula sana, mafundi wetu wamekuja hawaoni kitu. Hungeweza kupita ukatuangalizia?"

Baba alinyoosha tai.

"Unakaa wapi?"

Jumamosi alikwenda, akashinda huko kutwa nzima. Aliporudi aliniambia ni mpira wa mlango wa friji, umechakaa, baridi yote inatoka nje, na kwamba wamempikia wali na kuku.