Okidi Niliyoizika Kwenye Ndoo

Baba alianguka mtini akirina asali, nyonga ikavunjika, na tangu hapo akabaki na kitanda na dirisha moja linalotazama uani. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Rungwa, mwaka wa pili sasa, na shahada ambayo hakuna ofisi iliyoitaka. Nilimwogesha, nikamgeuza ubavu, nikabishana naye. Daktari alisema atatembea. Sikumwamini daktari, na baba alijua.

Mwaka ule aliniomba kitu kimoja tu. Porini, kwenye panda ya mti uitwao mtundu, kulikuwa na okidi, ile yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Tangu ujana wake baba hakutundika mzinga mpya kabla hajaiona imechanua. Sasa alitaka niilete, niifunge kwenye nguzo mbele ya dirisha lake. Ikichanua, alisema, naye atasimama, hata kwa magongo, akatundike mizinga yake ya magome iliyorundikwa nyuma ya nyumba.

Kijijini wengi huiita kupe, wakiamini inanyonya mti. Baba alisema haigusi mti, imeushikilia tu.

“Basi inakula nini?” nilimuuliza.

“Majani makavu yanayoiangukia. Na umande.”

Nilicheka. Akaniambia nisiizike, na nisiipe maji mpaka mvua ije yenyewe. Nikamuuliza kwa nini.

“Ndivyo nilivyoikuta.”

“Hiyo si sababu, baba.”

“Haya, msomi. Kaiulize yenyewe.”

Nilikwenda na baiskeli, nikapanda mti, nikaibandua kwa panga. Lilikuwa fungu zito la mashina membamba kama miwa, na kuzunguka shina kulikuwa na mizizi myeupe, mikali kama miiba, iliyosimama kuelekea juu. Katikati yake majani makavu yalikuwa yamejaa kama kwenye kikapu. Niliyakung'uta. Mizizi inayotazama juu niliiona kama kosa la kurekebishwa.

Nilipofika baba amelala. Nikachukua ndoo, nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi, nikaikunja ile mizizi na kuizika chini, inakostahili kuwa mizizi. Nikaiweka nyuma ya jiko. Kila asubuhi, katika kiangazi kile ambacho mama alifuata maji mbali, niliimwagia kopo zima. Mama aliniangalia, akaguna. Baba nilimwambia nimeifunga kivulini kwanza ili izoee, kisha nitaihamishia kwenye nguzo. Nilitaka aione ikiwa na nguvu, ili nishinde ubishi.

Kila nilipomwamkia, kabla hajaitikia shikamoo vizuri, aliuliza: “Imetoa kikonyo cha ua?”

Bado, nilijibu. Majani yakawa ya njano. Nikaongeza maji. Mashina yakalainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na siku moja nilipoligusa moja likabaki mkononi mwangu likinuka. Niliimwaga ndoo yote chini. Hapakuwa na mzizi hata mmoja mzima.

Sikusema kwa siku kadhaa. Akaja rafiki yake, mrina asali mwenzake, kumjulia hali. Akasema, bila kujua lolote, kwamba porini okidi zimechanua, zimeanza hata kupukutisha.

Baba alinigeukia. Nikamwambia kila kitu, hata ile mizizi nilivyoikunja. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimetilia shaka kila neno la mtu aliyekwea miti ile tangu kabla sijazaliwa, lakini ndoo sikuitilia shaka hata siku moja.

“Uliipa maji kila siku?” aliuliza.

“Kila siku, baba.”

Kisha akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, aje na baiskeli achukue mizinga, maana ikikaa chini itaingiwa na mchwa.

Nilisema naweza kuitundika mimi, anielekeze tu.

Mzee yule alirudi kesho yake, akafanya safari tatu. Mimi ndiye niliyemsaidia kufunga kamba. Baba aliuliza kutoka ndani kama na ule wenye mfuniko uliopasuka umekwenda.

“Yote imekwenda,” mama alimjibu.

Akaomba ageuziwe ukutani. Dirisha alikuwa halihitaji tena, nami nikaingia kumgeuza.