Kinga ya Mama Iliyokataa Asubuhi

Enzi zetu mtaani Kikula, baridi ya mwezi wa sita haikuwa ya kuchezea. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka: pumzi inatoka kinywani kama moshi, bati linadondosha umande, na mama anakuvalisha sweta mbili, ya juu ikiwa ya kaka yako. Tulinawa uso na miguu tu, tukaapa kwamba tumeoga. Tulikunywa chai ya moto kwa kalanga za kukaanga, na nyingine tukazitia mfukoni ili zitupashe vidole njiani. Nikiwasimulia watoto wa leo, wananiuliza kwa nini hatukubaki kitandani.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Buluo, nami nilisoma hapohapo, darasa la tatu. Kila asubuhi tulitoka Kikula juu ya kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu. Yeye alikanyaga, mimi nilikaa kwenye kibebeo cha nyuma, nimemkumbatia kiuno, shavu limelala mgongoni mwake. Kilima kilipoanza nilikijua kwa mgongo ule kabla ya kukiona. Alikuwa anavaa kitenge kilichofungwa vizuri, viatu vya kazi amevitia kwenye mkoba ili visichakae kwenye pedali, na madaftari ya wanafunzi ameyafunga mbele kwa mpira. Nilidhani hakuna mwanamke duniani anayejua kukaa juu ya kinga kama yeye. Bado nadhani hivyo.

Kinga yenyewe ilikuwa imetumika Ulaya, ikaja na mzigo wa vitu vikuukuu, baba akainunua sokoni. Ilikuwa na vitesi, yaani gia za kubadilisha mwendo, jambo ambalo mtaani kwetu lilikuwa habari. Mama akiacha kukanyaga kwenye mteremko, gurudumu la nyuma liliimba tik-tik-tik-tik, na watoto walitoka nje kutazama.

Mlio ule baba alinieleza siku moja, maana yeye alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha Shituru na hakuna chuma ambacho hakukipenda. Aliniambia kwamba ndani ya kitovu cha gurudumu kuna kitu kinaitwa rulibre. Kina vimeno vidogo vyenye springi. Ukikanyaga, vimeno vinasimama na kung'ata, gurudumu linakwenda. Ukiacha, vinalala na kurukaruka, ndiyo ile tik-tik. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza padri, labda zaidi.

Mwaka ule, kabla baridi haijaanza, baba aliamua kuihudumia kinga ya mkewe. Alikuwa na kopo la grisi nzito, ile ya magari makubwa, na kwa kuwa alimpenda mama hakufanya ubahili. Alijaza kitovu chote, mpaka kwenye vimeno. Gurudumu likanyamaza kimya. Baba alifurahi, akasema sasa linazunguka kama saa.

Kisha baridi ikaja.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa hatujafika hata sokoni. Mama alikanyaga, pedali zikazunguka bure, miguu ikaenda na gurudumu likabaki. Karibu tuanguke. Alijaribu tena, ikashika kidogo, ikaachia. Tuliisukuma kinga tukitembea mpaka Buluo na tukakuta wanafunzi wameshaingia. Mchana, jua likiwa kali, mama alipanda kujaribu tu, na kinga ikaenda bila kasoro yoyote mpaka nyumbani.

Jioni alimweleza baba. Baba aliipanda, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi anacheka.

"Kinga iko muzima, Mama Mado," alisema. Mado ni mimi. "Njo weye unaikanyaga mubaya." Yaani kosa lilikuwa la mama.

Siku ya pili ikawa vilevile: asubuhi inakataa, mchana inakubali. Na baba hakuweza kuiona ikikataa, kwa sababu zamu yake ilimtoa nyumbani mapema kabla yetu, na jioni aliporudi kinga ilikuwa imekaa juani siku nzima.

Siku hiyo ya pili direkta wa shule alimwita mama ofisini. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha na nilisikia. Hakupaza sauti. Alimkumbusha kwamba darasa la sita liko karibu na mtihani, kwamba mama ndiye mwanamke wa kwanza kupewa darasa lile, na kwamba wapo walimu waliosema tangu mwanzo hataliweza. Akichelewa mara ya tatu, alisema, atalazimika kumpa mwingine. Mama alijibu amesikia. Alitoka amenyoosha mgongo, akaingia darasani, na kupitia ukuta nikasikia anafundisha hesabu za sehemu kwa sauti ileile ya kila siku.

Nyumbani sikuelewa kwa nini hakugombana na baba. Mimi ningegombana. Yeye alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akampakulia baba, akamuuliza habari za kazi. Siku zilizobaki za juma tulikwenda shuleni kwa miguu. Tulitoka nyota zikingali juu, umande ukitulowesha mpaka magotini, na mama alinifundisha kuhesabu hatua ili nisilie. Tulifika kabla ya kengele kila siku, vidole vyangu vya miguu vimekufa ganzi. Yeye alivishika mikononi mwake kwanza, ndipo akaenda kufungua darasa lake.

Jumamosi baba hakuwa na zamu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama aliiacha kinga nje, uani. Kulipoanza kupambazuka alimwamsha baba kwa upole, akamwomba aende kumletea maji kwa kinga. Baba alitoka amejifunika blanketi mabegani, akapanda, akakanyaga. Miguu ilizunguka kama ya mtu anayecheza ngoma na kinga ikasimama palepale. Alianguka upande, blanketi na yeye. Nilicheka, kisha nikaogopa kwa sababu nilicheka.

Mama hakucheka. Alikuwa amewasha mbabula, lile jiko letu la makaa, kwa ajili ya chai. Aliisogeza kinga, kitovu cha gurudumu kikawa karibu na joto, si karibu sana. Akaendelea na chai yake. Baba alisimama anamtazama. Chai ilipochemka mama alimpa kikombe, akamwomba ajaribu tena.

Baba alipanda. Kinga ilishika mara moja, akaenda nayo mpaka kwenye kona na kurudi.

"Baba Mado," mama alimuuliza, kwa sauti yake ya darasani, ile ya kumpa mwanafunzi nafasi, "kati ya ile mara ya kwanza na hii, nini imebadilika?"

Baba alikaa juu ya kigoda. Alikishika kitovu cha gurudumu kwa kiganja, akahisi joto lake. Mama alimngojea jinsi nilivyomwona akiwangojea watoto wagumu wa darasa la sita. Hakumsaidia hata neno moja.

"Ni grisi yangu," baba alisema mwishowe. "Iko nzito. Na baridi inaganda, vimeno vinalala, haviamuke. Miye njo nilikuchelewesha ku masomo."

Mama alimmiminia chai nyingine.

Asubuhi ile nzima baba alifanya kazi uani. Alitoa gurudumu, akachomoa ekseli, na zile gololi ndogo akaziweka kwenye bakuli la bati. Kuzilinda ilikuwa kazi yangu, nami nilizihesabu mpaka nikaziota usiku. Rulibre aliilaza kwenye sahani ya petroli, yale mafuta ya taa, akaizungusha kwa vidole. Uji mweusi ukatoka. Akamwaga, akatia petroli safi, akazungusha tena, mara nne, mara tano, mpaka ikatoka safi kama ilivyoingia. Kila mara aliiinua sikioni. Kisha akadondosha mafuta mepesi ya cherehani, matone machache, na grisi akaipaka kwenye gololi peke yake. Mama alikuwa amekaa kando anasahihisha madaftari. Baba alimwita yeye, si mimi, aje asikilize. Alizungusha: tik-tik-tik-tik.

Jumatatu, kwenye baridi ileile, tulifika Buluo kengele ikiwa bado imenyamaza. Mama alimaliza mwaka na darasa lake, na miaka mingine mingi baada ya ule. Baba, mtu ambaye Shituru nzima ilimjua kwa mikono yake, majirani walipomletea kinga zao zinazokataa, aliwasimulia kwamba ugonjwa ule alifundishwa na mkewe. Aliwaeleza mpaka kuanguka kwake na blanketi.

Baba ametutoka. Mama anaishi kwangu. Majuzi nilimuuliza aligundua lini kwamba kosa lilikuwa kwenye grisi.

"Siku ya pili," akaniambia.

Nikamuuliza kwa nini basi alinitembeza kwenye umande siku zile zote.

"Kama ningemuambia jioni, angeipanda, ingetembea, na tungegombana," alisema. "Na alikuwa ameitengeneza kwa kunipenda. Ningemuambiaje tu hivi?"

Leo hapa nyumbani kitu kikiharibika, mwanangu anafungua simu na kumwangalia mzungu fulani akikitengeneza, na kabla mzungu hajamaliza, kijana ameshatutangazia ni kosa la nani. Mimi mwenyewe si bora zaidi: mume wangu akikosea, ujumbe wa sauti unamfikia kabla hajafika mlangoni. Pikipiki zimejaa Kikula, kutoka hapa mpaka Buluo ni kufumba na kufumbua, hakuna anayechelewa tena. Wakati mwingine mwezi wa sita natoka uani mapema, namwona mama amekaa na blanketi lake karibu na mbabula, nami nasikitika kwamba siku hizi hakuna mtu mwenye subira ya kuacha chai ichemke kwanza.