Kikundi chetu cha kusikiliza jazz Buruburu kilivyosikiliza kila kitu isipokuwa jazz

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na kama kuna mwanachama mwenzangu anapitia jukwaa hili, aje anisahihishe hadharani. Nimekaa nayo kifuani vya kutosha.

Mimi ni mkaazi wa Buruburu na napenda jazz. Sijui kupiga chombo chochote. Hata kwaya ya kanisa walinisikia mara moja wakanishauri nijiunge na wanaopanga viti.

Sasa, wenye wanajua Eastlands wanajua Jumapili yetu. Baa za kando ya Jogoo Road zote zinaweka jazz mchana. Si kwa mapenzi. Watu wametoka kanisani moja kwa moja, wako na suti na Biblia, na ukiwawekea ngoma za Jumamosi watahisi wanatenda dhambi. Saxophone inawatuliza dhamiri. Nyama inaliwa, siasa inachambuliwa, na mpigaji anatoa roho yake kwenye spika bila mtu kuinua kichwa. Mpira ukianza, anazimwa katikati ya solo.

Jirani yangu Karanja, mtumishi wa serikali aliyestaafu na mwenye santuri nyingi kuliko shati, ndiye aliyesema imetosha.

"Jazz ni sanaa, si kachumbari," akaniambia.

Maneno hayo yaliniingia. Tukakubaliana kuanzisha kikundi. Watu wachache, Jumamosi mchana, sebuleni kwa Karanja. Tunaweka santuri moja, tunanyamaza mpaka iishe, halafu tunaijadili. Basi. Hakuna kitu rahisi kama hicho.

Lakini mnatujua, wakuu. Wakenya watatu hawawezi kukaa chini bila mmoja wao kuwa chairman.

Siku ya kwanza tulichagua viongozi. Karanja akawa mwenyekiti bila kupingwa, kwa sababu viti vilikuwa vyake. Kikao cha pili tulitunga katiba. Cha tatu tukajadili mwanachama akifiwa tutamsaidiaje, na t-shirt zetu ziwe rangi gani. Santuri ilichezwa, nakubali, ila ilichezwa tukiwa tunapitisha vitambaa mkono kwa mkono. Rangi iliyoshinda ni maroon.

Hapo ndipo anaingia Musyoka.

Musyoka ni rafiki yangu tangu utoto. Alikulia Makongeni, kwenye nyumba za reli, ambako baba yake alikuwa karani. Kwa miaka mingi sasa anapiga piano kwenye mkahawa wa hoteli moja kubwa mjini, jioni, watu wakila. Kuna mgeni aliwahi kumwekea sahani chafu juu ya piano akidhani ni meza. Nilipokasirika kwa niaba yake, alicheka tu.

"Mimi ni kama AC, bro. Watu hunote tu nikizima."

Kilichomuuma ni kingine. Baba yake, Mzee Mutua, hakuwa amewahi kumsikia akipiga. Si kwa ubaya. Kwa yule mzee, kazi ni ile inayochafua mikono au yenye muhuri. Na hoteli ile aliiona ni ya watu wengine, hata mlangoni hangekanyaga. Kanisani akiulizwa kijana anafanya nini, hujibu, "Yuko hotelini." Watu wanadhani Musyoka ni weita, na mzee hawasahihishi.

Musyoka alijua hilo na lilimchoma. Aliposikia kuna kikundi cha watu wanaonyamaza kusikiliza, aliniomba jambo moja. Baba yake amsikie mara moja tu, mahali ambapo watu wametulia kwa sababu yake, ili mzee ajue kwamba ile ni kazi.

Nikampelekea mwenyekiti ombi. Karanja alifurahi karibu alie. Alisema hiyo ndiyo maana hasa ya kikundi.

Jumamosi yenyewe Musyoka alifika mapema na kinanda chake cha umeme. Nyumba za Buru mnazijua, sebule na dining zimeungana. Soketi iliyokuwa wazi ilikuwa upande wa dining, kwa hivyo akajipanga huko, nyuma ya ile kabati kubwa ya vyombo na televisheni. Alinikumbusha kwamba lazima aondoke kabla ya jioni, hoteli haingoji mtu. Nikamwambia muda upo tele.

Mimi nikaenda Makongeni kumchukua mzee. Nilimkuta amevaa suti na ameshapiga viatu rangi. Njiani aliniuliza kama hao watu wanajua kijana wake hajasomea muziki.

Tulipoingia, mwenyekiti alimpokea kwa heshima na kumkalisha kiti cha mbele kabisa, kile cha mgeni rasmi. Mgongo wake ulielekea dining. Hakumwona mwanawe.

Watu walikuwa bado wanaingia, na Karanja akaita kule nyuma ya kabati, "Hebu tuwekee kitu kidogo ya background tukingoja."

Wakuu, naapa alitumia neno hilo hilo. Yule yule wa "sanaa, si kachumbari".

Musyoka akaanza, polepole. Karanja akaita tena apunguze kidogo ili tuelewane. Akapunguza. Na hakuambiwa tena kuongeza.

Tulifungua kwa maombi. Mzee wa kanisa aliyeombwa kuomba aliombea kikundi, nchi, mvua, wagonjwa, na vyombo vya muziki kimoja kimoja. Kisha kila mtu akajitambulisha, jina na phase ya Buru anayoishi. Wawili wakagundua walisoma shule moja, ikabidi tusikie habari za mwalimu wao. Kisha mgeni rasmi akaombwa aseme neno.

Mzee Mutua hakuzoea kuombwa neno. Alisimama, akakohoa, na mara akapata mkondo. Alizungumzia reli. Jinsi treni zilivyofuata saa, jinsi makarani walivyovaa tai, jinsi Makongeni ilivyokuwa inafagiwa. Alizungumza vizuri mno na tukampigia makofi mara kadhaa. Na muda wote huo, nyuma ya kabati, mwanawe alikuwa anapiga. Baba akihutubia, mtoto akimpigia muziki wa chini chini.

Nilitaka kuingilia. Lakini nani anamkatiza mzee wa watu?

Mzee alipokaa, nikasema sasa tusikilize. Mwenyekiti akasema sawa, ila kwanza kuna kipengele cha katiba hakijapitishwa, kile cha ukimya. Tukisikiliza kabla ya kukipitisha, tutakuwa tunasikiliza kinyume cha sheria.

Basi likaanza bunge. Je, kukohoa ni kelele? Je, kupiga makofi solo ikiisha ni heshima au ni usumbufu? Mama Njeri, mke wa Karanja, alikuwa na chai tayari na alitaka kujua itanywewa saa ngapi, maana vijiko vinalia. Hoja hiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote. Ikaamuliwa sukari itiwe jikoni, mtu asikoroge mbele ya sanaa.

Nami nilisimama nikachangia kuhusu makofi. Nilichangia kwa kirefu, nikaona nimesema vizuri.

Hatimaye kura zikapigwa. Kipengele kikapita bila kupingwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia dakika hiyo kikundi kiko kimya.

Na kweli tulinyamaza. Wakuu, sijawahi kusikia Buruburu ikiwa kimya namna hiyo. Watu walifumba macho. Mmoja aliinamisha kichwa kama yuko kwenye ushirika mtakatifu. Tukangoja.

Tukangoja tena.

Mwenyekiti alipochungulia nyuma ya kabati alikuta stuli tupu na soketi. Mama Njeri akasema kijana alipitia jikoni kitambo, akamshukuru kwa chai, akasema amechelewa kazini. Hakutaka kutukatiza kikao.

Hapo ndipo Mzee Mutua aligeuka, akaniangalia mimi niliyemleta.

"Kwani ile haikuwa redio?"

Niliona aibu ambayo sikumbuki kuiona tangu nioe.

Mzee aliomba nimrudishe nyumbani. Tulipofika lango la Makongeni, akauliza hiyo hoteli iko upande gani wa mji.

Ijumaa iliyofuata, jioni, tulikwenda. Alivaa suti ile ile. Mlangoni alisita, akatoa kofia, tukaingia. Mkahawa ulijaa watu wanaongea na uma zinagonga sahani, kelele zote ambazo katiba yetu imeharamisha. Musyoka alikuwa kwenye kona anapiga bila kutazama mtu, uso umelala.

Weita alitupa meza. Mzee akashika kiti chake, akakigeuza mpaka kikaelekea piano, ndipo akaketi. Aliagiza supu na mkate, akala akimtazama mwanawe. Alikula vizuri, tena akamaliza, na macho hayakutoka kule.

Sijui Musyoka alihisi nini. Aliinua kichwa, akamwona.

Na akakosea. Vidole viligongana, wimbo ukapotea kabisa, ikabidi aache na kuanza upya. Ndani ya ukumbi mzima hakuna aliyegundua isipokuwa mzee, ambaye alimwinamishia kichwa kidogo kumwambia endelea.

Miaka yote hiyo hajawahi kukosea, aliniambia baadaye. Hakuwa amewahi kusikilizwa na mtu ambaye yeye mwenyewe anaogopa kumwaibisha.

Mimi nililobeba ni hili. Zamani niligombana na watu wanaokula jazz ikicheza, siku hizi sigombani nao. Mzee alikula, na hakuna aliyesikiliza kuliko yeye. Sisi tuliofumba macho ndio tuliokuwa viziwi. Kumsikiliza mtu kunaanza na kujua kwamba yuko pale.

Kikundi bado kipo, msijali. Kinaendelea vizuri sana. Kikao kilichopita tulijadili kununua ploti.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kikundi kilichowahi kufanya lile ambalo kilianzishwa kulifanya, aje atueleze walifanyaje. Na wale wa "jazz ni ya wazee" nawaona, karibuni pia, leteni matusi yenu kwa adabu.