Nundu ya Tausi

Harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta bado hunisimamisha. Juzi nilipita kwa fundi wa viatu sokoni Bungoma, nikajikuta nimeganda mlangoni kama mtu aliyeitwa. Mikono ya baba ilinuka hivyo.

Miaka ya themanini baba alitunza farasi katika shamba moja nje ya Kitale. Wengine walikuwa wameshauzwa, akabaki jike mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, jina lake Tausi. Jioni baba alininyanyua nimguse pale shingo inapokutana na mgongo, kwenye mwinuko mgumu juu ya mabega.

"Hii ndiyo nundu," alisema.

"Nundu si ni ya ng'ombe, Baba?"

Akacheka. Jina la Kiingereza alilotumia bosi, mwenye shamba, lilimshinda ulimi, basi akaazima la ng'ombe. "Farasi anapimwa hapa, Nafula, si kichwani. Kichwa kinapanda na kushuka. Hapa hapabadiliki."

Kisha akamkuna hapo kwa kucha, polepole. Tausi akainamisha kichwa, mdomo wa chini ukaning'inia kama wa mzee aliyesinzia kanisani. "Mama yake alikuwa anamfanyia hivi akiwa mdogo," baba alisema. "Kwa meno."

Mwaka mmoja mgeni wa bosi alimpanda Tausi kutwa nzima kwa tandiko lisilomtosha. Nundu ikachubuka, ikavimba, usaha ukazama hadi mfupani. Baba aliiosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi, akiongea naye Kibukusu kama anavyobembelezwa mtoto mgonjwa. Dawa hazikusaidia. Tausi akaacha kula, na daktari wa mifugo akasema kilichobaki ni bunduki.

Asubuhi ya bunduki nilimkuta baba ameshika kamba ya Tausi nyuma ya zizi, daktari amesimama kando.

"Baba, si umwambie daktari asimpige risasi!"

"Rudi kwa mama yako."

Nilirudi, lakini niligeuka. Nilimwona akimkuna pembeni ya kidonda, mahali padogo palipobaki pazima. Kichwa cha Tausi kikashuka taratibu. Masikio yakalegea. Mama akanivuta ndani na kuniziba masikio, lakini mlio niliusikia.

Nilimkasirikia baba vibaya. Niliona amemshikilia Tausi ili auawe, kisha akala ugali kama kawaida.

Shamba lilipokatwa vipande na kuuzwa, tulihamia Myanga, baba akalima mahindi. Hakutaja farasi tena hadi tulipomzika, miaka ya tisini. Jioni moja baada ya matanga, tukipukuchua mahindi, mama aliniambia kwamba bosi alimpa baba ruhusa siku ile aende mjini, asishuhudie.

"Alikataa," mama alisema. "Alisema Tausi akishikwa na mtu mwingine, ataogopa."

Niliendelea kupukuchua, macho yamejaa machozi. Mtu wa kumwomba msamaha hakuwepo tena.