Mkono Kwanza, Ndipo Usukume

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla ya kusalimiwa. Nilikuwa nimepeleka kreti za soda uwanjani kwa pikapu ya duka la mtaani kwetu Malvern, hapa Joburg, nililokuwa nikilifanyia kazi, nikaingia kinyumenyume katikati ya magari ya mbio bila kugusa hata moja. Mzee mmoja wa Kizungu akanijia juu, uso mwekundu. Huyo ndiye alikuwa Mkuu wa Uwanja.

"Mama, nani amekuruhusu kupita hapa?"

"Soda zako."

Akaitazama pikapu, akanitazama mimi na mtandio wangu. "Unaweza kusukuma?"

Nikadhani anataka nisukume mkokoteni. Kumbe kazi yenyewe ni hii ninayotaka kuwaeleza nyinyi wajukuu mliozaliwa Joburg, mnaosikia Kiswahili halafu mnanijibu Kiingereza.

Magari yale ya mbio za udongo, yenye bawa kubwa juu kama meza iliyoinama, hayana stata. Hayana klachi wala giaboksi kama gari la baba yenu, ila gia moja tu ya kuingiza au kutoa. Dereva akishaingia anakaa kama mzigo mpaka asukumwe. Msukumaji anakuja nyuma na pikapu iliyofungwa tairi kuukuu kwenye bampa, anagusa taratibu, kisha anaongeza mwendo. Dereva anatazama geji ya oili. Ikipanda, anafungua mafuta na kuwasha swichi, injini inanguruma, na wewe unafunga breki hapo hapo. Ukichelewa unarushiwa tope kioo kizima. Na kama dirisha liko wazi, unalila. Mimi nimelila sana.

Mkuu wa Uwanja alinifundisha kwa kufoka. "Usitazame gari, tazama mkono! Asipoinua mkono, husukumi. Hata mimi nikikuamuru, husukumi!" Dereva akiinua mkono anasema hivi: mikanda nimefunga, gia imeingia, akili yangu ipo. Basi. Sikuwahi kusoma zaidi ya darasa la nne kule Tanga, lakini somo hilo halikuhitaji kalamu.

Nilianza langoni, magari yanapotoka kwa mafundi. Wanaume walinicheka, wakiniita bibi kwa Kizulu chao. "Gogo, hapa si jikoni!" Nikawajibu jikoni nako kuna moto, tena wengi wenu hamwezi kuuwasha. Baadaye nikahamishiwa kona ya pili, ambako magari huzunguka na kuzimika mbio zikiendelea. Gari likizimika, bendera ya njano hutoka, wengine hupunguza mwendo, nawe una muda mfupi wa kumwasha aliyekwama. Bendera ya kijani ikitoka hajawaka, mbio zake zimekwisha.

Wakati huo yule mzee alikuwa amestaafu, amekuja Mkuu wa Mbio, mtu wa haraka aliyetuamuru kwa redio akiwa juu mnarani. Na kulikuwa na dereva mmoja, Lindiwe, binti wa Randburg. Gari alilijenga baba yake kwa mikono yake. Baba huyo alikuwa ameapa mbele yetu sote: fainali ya msimu huu Lindiwe asipoimaliza, gari linauzwa, binti arudi kazi ya ofisini. Kila tulipomsukuma Lindiwe, baba alisimama kwenye uzio akipunga mikono miwili, sukuma, sukuma, kama sisi ni punda wake.

Jioni ya fainali niliswali Magharibi kando ya pikapu, nikakaa konani kwangu. Lindiwe alikuwa wa pili. Akaingia kona kwa kasi, gurudumu likakamata ukingo wa udongo, gari likazunguka, likagonga ukuta kwa ubavu, likatulia likiwa limesimama vizuri. Halikupinda popote. Bendera ya njano. Nikaenda nyuma yake, nikagusa bampa, nikangoja mkono.

Mkono haukuinuka.

"Mama, sukuma!" redio ikalia. Baba yake alikuwa anapunga mikono utadhani anafukuza nyuki. Jukwaa zima, "Sukuma, Gogo!"

Kofia ya Lindiwe ilikuwa imenyooka, macho mbele. Nikashuka. Kushuka ni marufuku, najua. Nikainama kwenye vyuma vya gari lake.

"Lindiwe, mwanangu, mkono uko wapi?"

Akaniambia kwa upole kabisa, "Ngoja kidogo, Gogo. Robot bado nyekundu."

Kwenye uwanja wa udongo hakuna robot; hizo ni taa za barabarani, ziko mjini. Nikapishanisha mikono juu ya kichwa, ishara ya kuita ambulansi. Bendera ya kijani ikatoka bila yeye.

Baba yake aliruka uzio. "Umefanya gari la mwanangu liuzwe! Wewe mgeni, nani amekutuma?"

"Mkono haukuinuka, baba."

"Mimi nilikuambia sukuma!"

"Wewe hukukaa ndani ya gari."

Mkuu wa Mbio aliteremka, akasema neno moja: "Redio." Nikampa, kazi ikawa imekwisha. Nikaenda nyumbani Malvern, nikakaa kama mjane. Nilirudi siku Mkuu huyo aliponipigia simu mwenyewe: daktari amesema binti alitikisika ubongo, na angegongwa tena usiku ule, lingekuwa jambo jingine. Kuniomba radhi hakuniomba. Aliniuliza tu kama pikapu ina mafuta.

Lindiwe alikatazwa kuendesha kwa miezi, kisha akarudi. Gari halikuuzwa. Baba yake hakunisemesha hata siku moja.

Sasa nimestaafu. Goti la kushoto, la klachi, limekataa, na masikio yangu nusu yamebaki kule. Watu huniuliza kama kazi ile ilikuwa ya mwanamke. Eish. Kazi ni ya anayeiweza, na anayeiweza ni yule anayejua kungoja watu wakimzomea. Kukanyaga mafuta hata mtoto anaweza.

Jioni yangu ya mwisho waliniachia nimsukume Lindiwe. Nikagusa bampa. Nikatazama kwenye uzio, kwa mazoea. Baba yake alikuwa pale pale anaposimama siku zote, mikono yote miwili ameitia mifukoni. Jirani yake alikuwa anapiga kelele nisukume. Yule baba akamgeukia, akamwambia kitu, jirani akanyamaza.

Tukangoja wote. Lindiwe akainua mkono.

Nikasukuma.